Kikombe Kilichooshwa

Hadi leo nikirudishiwa chombo changu kikiwa kimeoshwa kikang'aa, roho huniuma kabla sijajua sababu. Watu wa mijini hunishangaa, maana kwao kumwoshea mwenzako chombo ndiyo adabu. Kwetu Palma, mji mdogo wa pwani, kwa wanawake wanaokaanga vitumbua, kikombe cha chachu hakioshwi. Unakwenda kwa jirani asubuhi na mapema, unaomba chachu, unaichanganya na unga wako wa mchele, na kesho yake unarudisha kikombe kikiwa na vijiko viwili vya chachu mpya, ile iliyoumukia kwako. Mwenyewe ataionja ajue inaendeleaje huko ilikokwenda. Ukikirudisha kitupu na kimeoshwa, umemwambia kwamba hamtaombana tena.

Mama yangu alikaanga vitumbua tangu sijazaliwa. Chachu yake aliachiwa na mama yake, na ilikaa katika chungu kidogo nyuma ya mlango wa jikoni, kimefunikwa kwa kitambaa. Ninakumbuka ilikufa mara tatu. Mara moja niliiua mimi, nilipoisahau juani nikicheza, na nilichapwa kwa hilo. Lakini kila ilipokufa, mama alijifunga kanga, akashika kikombe, akaenda kwa mmoja wa wale waliowahi kuichukua kwetu. Alirudi nayo kabla moto haujashika. Sikuwahi kusikia kwamba mtu alinyimwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Mama alipompa mtu chachu, alizamisha upawa hadi chini ya chungu, kwenye ile nzito yenye nguvu. Sisi tulibaki na ya juu, nyepesi kama maji ya mchele. Nikiwa mtoto nilimuuliza kwa nini anatoa nzuri na kubakiza mbovu.

"Ya kwetu tunaijua, tutailea," alisema. "Ya ntu hatujui inakwenda kulala wapi."

Ninayaeleza haya mwanzoni ili nisionekane mjinga huko mbele. Au tuseme nionekane mjinga, lakini ujinga wenyewe ujulikane ulikotoka.

Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, Palma ilibadilika mbele ya macho yetu. Kila mwenye chumba chenye bati alikipangisha. Wenye pikipiki waliacha kubeba samaki wakabeba wageni. Kila mtu alikuwa anangojea kitu, na ukimuuliza ni kitu gani hakuweza kukutajia. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la kumi na mbili kule mjini Mocímboa, nimerudi nyumbani na Kireno changu kizuri ambacho hakuna aliyekihitaji. Nilikuwa nikimsaidia mama bondeni kwenye mpunga, na kununa.

Ndipo akaja dotora. Tulimwita hivyo sote, kwa Kireno chetu. Alikuwa mtafiti, mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, kutoka kusini kabisa mwa nchi yetu, aliyefanya kazi na chuo kimoja cha ng'ambo. Siku ya kwanza alituambia kwamba yeye si wa watu wa gesi. Alikodi ghala la zamani nyuma ya soko, vyumba viwili, akatafuta mtu anayejua Kiswahili na Kireno na asiyeogopa matope. Wasichana waliosoma walinyamaza aliposema matope. Mimi nikanyoosha mkono.

Alitaka tope la mahali panapotoka mapovu. Nilicheka, kwa sababu kila mwanamke anayepandikiza mpunga anayajua mapovu hayo. Ukikanyaga, yanapanda kwenye miguu yakikutekenya. Katika shamba letu kulikuwa na pembe moja, kando ya mfereji, ambayo mama aliiita pembe ya mapovu. Nikampeleka huko. Dotora alijaza chupa maji, akaipindua juu ya faneli ndani ya maji ya mpunga, akaniambia nikanyage tope. Mapovu yakapanda yakayasukuma maji nje ya chupa. Kisha akawasha kiberiti kwenye mdomo wa ile chupa, na mwali mdogo wa buluu ukatoka. Mama alipiga kelele, halafu akataka kuwasha yeye mwenyewe. Aliwasha mara nne.

"Gesi hii ndiyo ile ya baharini," dotora alisema nami nikatafsiri. "Inaitwa methani. Ile ni nyingi na iko chini sana, hii ni kidogo na iko miguuni penu. Lakini ni ile ile."

"Basi na sisi tungojee helikopta za watu wa gesi," mama akasema, na dotora alicheka mpaka akakaa kwenye tuta.

Kazi yake nilikuja kuielewa polepole. Ndani ya tope wamo bakteria wanaotengeneza methani, na kwenye mizizi ya mpunga, ambako hewa kidogo hushuka, wamo wengine wanaoila. Hawa walaji ndio aliowataka. Wanachukua oksijeni ya hewani wanaibandika kwenye methani, na methani inageuka kuwa methanoli, aina ya spiriti ambayo kwayo watu hutengeneza gundi, rangi na plastiki. Viwandani jambo hilo linahitaji moto mkali na mitungi ya chuma yenye mgandamizo mkubwa. Bakteria hufanya hivyo kwa joto la kawaida la Palma, ndani ya tope, bila kelele. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilikuwa nakanyaga kiwanda nikikiona uchafu.

Shida ni kwamba bakteria haishii hapo. Akishapata methanoli anaendelea kuila mpaka hakuna kinachobaki. Kwa hiyo unamwachia achukue hatua ya kwanza, kisha unamzuia ya pili, kwa kutia chumvi ya kipimo fulani. Ni kama kumnyang'anya mtoto embe akishalimenya. Ukimnyang'anya kila siku atakufa njaa, kwa hiyo siku nyingine unamwacha ale. Dotora alinifundisha yote hayo. Alinifundisha kupima methanoli kwa maji yanayobadilika rangi, kuingiza gesi kwa sindano kwenye chupa zenye vizibo vya mpira, kutikisa chupa asubuhi na jioni, na kuandika kila kitu. Alinionya nisionje kile kinachotoka, kwa sababu kinapofusha. Hakunicheka hata mara moja nilipokosea.

Tulishindwa karibu mwaka mzima. Tope la mito, la mikoko, la mabonde ya watu wengine, yote yalitupa bakteria wavivu au wasiostahimili chumvi. Kisha chupa moja ya pembe ya mapovu ikageuka rangi ya waridi iliyofifia. Tukaipima. Tukaipima tena. Dotora alinishika mabega akarukaruka kama binti mdogo, na siku hiyo nilimwita dada kwa mara ya kwanza. Kuanzia hapo na yeye akaniita dada.

Alikuwa akila kwetu. Mama alimwekea sahani bila kuuliza kama anakuja. Siku moja alisema anataka kujifunza kukaanga vitumbua mwenyewe kule chumbani kwake, na mama akampa chachu, akazamisha upawa hadi chini. Tulipokuwa tunarudi ghalani nilimweleza habari ya kikombe. Nilimwambia kwa nini hakioshwi, na kwa nini lazima kirudi na kitu ndani. Alisimama katikati ya njia, akatoa daftari akaandika. Alisema ni desturi nzuri kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Baada ya siku tatu alirudisha kikombe. Kilikuwa kinanukia sabuni. Mama alikigeuza mkononi, akatazama ndani, akakiweka rafuni.

"Ngeni huyu," aliniambia baadaye. "Hajui."

Sikumwambia kwamba anajua. Nilijiambia kwamba amesahau. Mtu ana mambo mengi kichwani, ana ripoti za kuandika kwa watu wa ng'ambo, kikombe ni nini? Nilimtetea moyoni mwangu kwa bidii, wala hakuna aliyekuwa amemshtaki.

Kitu nilichokitaka wakati huo kilikuwa kimoja tu. Nilikitaka kile chumba cha chupa kule ghalani. Dotora aliniahidi, na aliniahidi zaidi ya mara moja, akiwa ameketi kwenye kreti na miguu yake imejaa matope kama yangu. "Chupa zikiwa hai, dada, chumba hiki kitabaki. Na kikibaki, ufunguo ni wako." Wakubwa wa chuo wangekuja kukagua, wangeona bakteria wa Palma wakiishi Palma, wanalelewa na mtu wa Palma, na wangekifanya kituo cha kudumu. Nami ningepelekwa kusoma kisha nirudi hapo. Nililala nikiliwaza hilo na nikaamka nikiliwaza. Wenzangu waliwaza kazi za ulinzi na upishi kwenye kambi za gesi. Mimi niliwaza chupa zangu tisa.

Zilikuwa tisa kweli, siku aliyoniambia kwamba anaitwa ng'ambo. Anakwenda miezi michache, alisema, na angependa kuchukua chupa chache akazipime kwa mashine kubwa.

Nikachagua mimi. Nilizipanga mezani nikazitazama moja moja, na mkono wangu ukafanya kile ulichokuwa umeona ukifanywa maisha yote. Nikampa saba zenye nguvu, zile za waridi, na nikabakiza mbili hafifu. Nilizifunga kwa magazeti nikazipanga ndani ya sanduku lake.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Za kwangu ninazijua," nikamwambia. "Nitazilea."

Alinyamaza. Aliangalia zile mbili mezani, akaniangalia mimi, kisha akafunga sanduku. Nimeurudia ukimya ule mara nyingi kuliko neno lolote aliloniambia. Alikuwa dotora. Alijua mbili hafifu maana yake nini. Angeweza kutoa chupa moja sandukuni na kuirudisha mezani, na isingempunguzia kitu.

Masika yakaja, barabara ikakatwa na maji, na mtungi wa gesi uliokuwa uletwe haukufika. Chupa zangu zikakosa chakula. Basi nikarudi kwenye faneli. Kila asubuhi mimi na mama tulishuka bondeni, mama akishika faneli na mimi nikikanyaga, tukajaza chupa gesi ya miguuni petu, nami nikaipeleka ghalani nikaiingiza kwa sindano. Watu walituona tumepagawa. Mama aliwajibu kwamba tunakamua ng'ombe wetu.

Nilizilisha hivyo wiki tano. Kisha moja ikawa nyeupe kama maji ya kunawa, na baada ya siku chache maji yakawa safi kabisa, hadi unaona upande wa pili. Mtu asiyejua angefurahi. Kumbe kuna vijidudu vikubwa zaidi vinavyokula bakteria, na huenda vilipita pamoja na gesi ya tope. Chupa ya pili ikafuata. Niliichungulia nikaona kidole changu upande wa pili, nikalia kwa sauti, peke yangu, katikati ya mchana.

Wiki hiyo hiyo ikaja barua: wakubwa watafika baada ya wiki sita. Kuanza upya na tope kungenichukua mwaka, na vyombo vizuri vya kuchuja dotora alikuwa amekwenda navyo. Sikuogopa sana. Nilifanya kile mama alichofanya kila mara chungu chake kilipokufa. Nilikwenda duka lenye intaneti nikamwandikia dada yangu. Nilimweleza yote, hata habari ya vijidudu, nikamwomba chupa moja. Ikishindikana moja, nilimwambia, basi kijiko kimoja, kwenye kichupa cha dawa, ampe mtu yeyote anayekuja.

Nilingoja karibu wiki tatu. Kila siku nilimsumbua mwenye duka mpaka akachoka nami. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi.

"Pole sana, dada. Sasa ni mali ya chuo. Si yangu kutoa."

Chini yake kulikuwa na fomu ya kujazwa na taasisi inayoomba. Mimi sikuwa taasisi. Nilikuwa msichana wa bondeni mwenye miguu yenye tope, na tope lenyewe lilikuwa la mama yangu. Nililisoma jibu hilo nimesimama. Nikalisoma tena kutafuta neno ambalo pengine sikulielewa, kwa sababu Kireno chake siku zote kilikuwa kirefu na chenye mzaha, na hiki hakikuwa chake. Lakini jina la chini lilikuwa lake.

Wakubwa walikuja watatu. Walikuwa na adabu. Mmoja alizitikisa zile chupa safi akaziweka chini taratibu. Siku ya pili walifunga vitu kwenye maboksi, na mmoja wao akaninyooshea kiganja ili nimpe ufunguo.

Nilimweleza mama jikoni. Nilidhani atakasirika pamoja nami, na nilihitaji sana mtu wa kukasirika pamoja nami.

"Hukumwomba vizuri," mama alisema.

"Mama!"

"Umemwandikia Kireno cha ofisi, na yeye akakujibu cha ofisi. Chachu huendi kuiomba kwa papeli ya kuandikwa. Ungempigia ukamsalimia kwanza."

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata watu wawili wa kukaa kwao. Mama hakuwahi kuamini kwamba mtu aliyekula sahani yake anaweza kumnyima mtoto wake kijiko. Aliona ni rahisi zaidi kuamini kwamba nimekosea mimi. Miaka ilipita, nami nikapata kazi kwenye duka la fotokopi, na bado alikuwa akiniuliza mara kwa mara, "Dada yako hajambo kule aliko?" Nilikuwa najibu hajambo. Sikuwa na habari naye yoyote.

Kisha siku moja, nikiwa dukani, simu ililia. Ulikuwa ujumbe wake, mrefu, wenye mzaha ndani yake kama zamani. Aliuliza habari za mama na za vitumbua. Aliandika kwamba bakteria wale wamechoka. Wamekaa mno kwenye baridi na usafi, peke yao, bila wenzao wa tope, na sasa hawatoi hata robo ya methanoli waliyotoa Palma. Wamejaribu kila kitu. Kazi yake yote inategemea hilo. "Dada, nakuomba kopo moja la tope la pembe ya mapovu. Moja tu. Kuna mtu wetu huko anayepanda ndege kesho kutwa."

Nilifanya kosa la kumsomea mama. Alipiga makofi.

"Umeona? Yake imekufa, amekuja kuomba. Nenda asubuhi ukamchotee."

Kulipokucha nikaenda. Nilikwenda na kopo la maziwa ya unga, nimelisafisha. Mpunga ulikuwa umefika magotini, na mapovu yalianza kunipanda miguuni nilipoingia tu kwenye ile pembe. Niliinama nikazamisha mkono mpaka kiwikoni, nikachota kule chini, kwenye tope jeusi linalonuka, nikajaza kopo hadi mdomoni. Nilisimama nalo. Sina la kusema kujitetea. Nilikuwa ninajua kwamba ndani ya lile kopo kulikuwa na kitu ambacho yeye hawezi kukipata penginepo, na kwamba hakuna aliyewahi kunyimwa kwetu. Nilikuwa ninajua pia jinsi nilivyolia nikiona kidole changu kupitia maji safi. Nikalipindua kopo. Tope likarudi mahali pake, na maji yakachafuka kidogo kisha yakatulia.

Niliandika jibu nikiwa bado nimesimama majini, kwa kidole chenye tope, nikayatafuta maneno yake mwenyewe na kuyanakili kama yalivyokuja. Pole sana, dada. Si yangu kutoa. Nikatuma.

Nyumbani mama alikuwa anafunika chungu chake. Aliona miguu yangu, aliona mkono wangu ulivyokuwa mweusi hadi kiwikoni, na uso wake ukachangamka.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Umechota ya chini?"

"Ya chini, mama."

"Basi vizuri," mama akasema, akakichukua rafuni kile kikombe alichokirudisha dotora akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga. "Siku chachu yetu ikifa, na yeye atatupa."